Muhuri wa Mkunazi

Mtaka cha mvunguni sharti ainuke. Kuinama kila mtu anaweza, na Cha Bok-rye alikuwa ameinama miaka ishirini na sita juu ya sufuria za supu za mgahawa wa mumewe. Jumatatu ya kwanza ya Machi, saa moja na nusu asubuhi, alivuta sanduku kutoka mvunguni mwa kitanda, akalipangusa vumbi, akalikumbatia, akasimama wima.

"Unakwenda wapi, Mama Dong-ho?" mumewe aliuliza. Man-sik alikuwa amekaa sakafuni, kijiko mkononi, akisubiri wali.

"Sokoni. Nafungua meza ya mihuri."

"Na figili nani atakata?"

"Kisu kipo pale pale kilipokuwa jana, Baba Dong-ho."

Kuhusu figili, Man-sik alikuwa na haki ya kuuliza. Mkewe alipenda kuchonga tangu ana miaka kumi na miwili: sabuni, mishumaa, vifutio vya shule. Mgahawani, wateja walizoea kukuta kwenye supu vipande vya figili vyenye majina yaliyoandikwa kinyume, kama yanavyochongwa kwenye muhuri ili yakipigwa yasomeke. Walivitafuna hivyo hivyo. Bok-rye alisoma kinyumenyume kwa kasi kuliko mumewe alivyosoma gazeti.

Lakini sandukuni hamkuwa na figili. Mlikuwa na mkunazi. Mti wenyewe ulisimama uani kwa marehemu mama yake, kwenye kiwanja alichomwachia yeye peke yake, mpaka radi ilipoupasua mwaka juzi na kubakiza kisiki. Katika mji ule wa Jeolla, ambako muhuri wa jina ndio sahihi ya mtu, hata mtoto anajua kuwa mkunazi uliopigwa na radi hutoa muhuri usio na mfano, na kwamba ukiutia majini huzama. Wa Bok-rye ulizama.

Alipanga meza yake karibu na muuza dagaa, akatundika kibao: CHA BOK-RYE, MIHURI.

"Huyo Cha Bok-rye anafika saa ngapi?" muuza dagaa aliuliza.

"Ni mimi."

"Wewe si Mama Dong-ho?"

"Leta mkono nipime ukubwa. Nikuchongee jina gani?"

"Andika Mama Yeong-su."

"Yeong-su ni mwanao. Nataka lako."

Mwanamke aliweka ungo wa dagaa chini, akafikiri. Mteja mmoja alikuja, akasubiri, akaenda zake.

"Tak Mal-nyeo," akasema mwishowe. "Maana yake binti wa mwisho. Baba alinipa hilo ili wasizaliwe wasichana tena."

"Likasaidia?"

"Walinifuata wanne."

Muhuri ulichukua siku mbili. Wiki iliyofuata mume wa Mal-nyeo aliutoa kwenye droo, akaenda nao ofisi ya kata kuuza shamba la vitunguu la mkewe. Hakukuwa na ajabu katika hilo. Pale mjini wanaume walichukua mihuri ya wake zao kama mtu anavyochukua mwavuli, ule ulio karibu na mlango. Karani alisogeza karatasi, mume akabonyeza. Karatasi ikabaki nyeupe. Akaongeza wino mwekundu, akabonyeza tena. Nyeupe. Kufikia mara ya tano mkono wake ulikuwa mwekundu hadi kwenye kifundo, na karatasi safi kama yai lililomenywa.

Karani aliandika kwenye daftari "muhuri haukubali", akaagiza mwenye jina aitwe.

Mal-nyeo alifika na magamba viganjani. Akauchukua muhuri ule ule, akaupiga bila wino kwenye pembe ya gazeti la karani. Jina likatoka jekundu, kila mstari mahali pake.

"Mzima," akasema. "Shamba siuzi." Akarudi kwa dagaa wake.

Wekundu wa mkono wa mumewe haukutoka kwa sabuni, wala kwa pombe ya mchele. Ulikaa.

Baada ya hapo wanawake walipanga foleni. Wengine walikumbuka majina yao papo hapo. Wengine walirudi kwanza makwao kuwauliza mama zao. Bok-rye alichonga tangu soko linafunguliwa hadi linafungwa, ulimi umebanwa pembeni mwa mdomo, na vumbi la mkunazi likamjaa kwenye nyusi. Mwezi wa pili alinunua taa ya mezani na kiti chenye mgongo. Hakuwahi kukaa kwenye kiti chenye mgongo akifanya kazi.

Kufikia Mei mikono myekundu ilionekana kila mahali. Kwenye mazishi ya mwalimu mkuu mstaafu, waombolezaji kumi na wanne walikunja mikono kifuani, ya kumi na mmoja ikawa myekundu. Marehemu naye alikuwa na mkono wake mwekundu. Muuza nguo alileta glavu nyeupe, zikaisha kabla ya saa sita mchana.

Ijumaa moja Man-sik alirudi nyumbani amevaa glavu ya kulia, akanywa supu kwa mkono wa kushoto.

"Mkono una nini?"

"Baridi tu."

Ilikuwa Mei, mwezi wa joto. Bok-rye alifungua droo. Muhuri wake mwenyewe ulikuwa umelala kichwa chini, na yeye hakuwahi kuulaza hivyo. Aliufunga uzi, akauvaa shingoni, akaendelea kula.

Wiki ya pili yake kamati ya soko ilimwita. Mwenyekiti, Bwana Noh muuza mchele, alikuwa na glavu mbili. Man-sik alisimama mlangoni.

"Mama Dong-ho, biashara yako hatuikatazi," alisema Bwana Noh. "Lakini umewaaibisha watu wazima. Barua ya kuomba radhi tumeshakuandikia. Piga muhuri, uendelee na kazi yako. Hutaki, meza itoke kesho."

"Kosa langu nini?"

"Usiwe mbishi, shemeji. Mambo yenyewe yamekwisha. Tangu Jumatatu ofisi ya kata imebandika tangazo: muhuri wa mke hauhitajiki tena, wa mume unatosha. Shamba la vitunguu limeuzwa juzi. Kiwanja cha mama yako jana. Sasa nani ameumia?"

Bok-rye alimtazama mumewe. Mumewe alitazama dari. Kisiki kingeng'olewa, basi. Alipiga hesabu ya mkunazi uliobaki sandukuni: mihuri arobaini na mmoja, akichonga myembamba hamsini. Meza angeweza kuiweka hata kando ya barabara.

Aliisoma barua mpaka mwisho, kisha akavua muhuri shingoni, akaubonyeza mahali walipomwonyesha. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Ongeza wino," alisema Bwana Noh.

Bok-rye aliupiga kwenye meza ya mwenyekiti, ubaoni. Jina lake likatoka jekundu, na halikufutika siku ile wala baadaye.

"Wino upo," alisema. "Mmeandika hapa 'Mimi, Mama Dong-ho, naomba radhi.' Huyo simjui. Mkimpata, mwambieni aombe. Mimi ni Cha Bok-rye, na siombi radhi."