Chumvi Chini ya Kitanda cha Mkamwana

Siku hizi chumvi inapangwa nje ya maduka ya Kiabakari, pakiti juu ya pakiti, inapigwa jua na vumbi la mabasi, na hakuna anayeigeuzia shingo. Euphrasia peke yake ndiye husimama kuitazama. Wanawe humcheka na kumuuliza anatafuta nini, naye huwaambia twendeni, nyie hamjui kitu. Ukweli ni kwamba anaikumbuka miaka ile ambayo kila aliyeiona huisema vibaya, na yeye anaitamani. Haitamani njaa, la hasha. Mwenye akili zake hatamani njaa. Anaitamani nyumba ya mkwewe, mzee Nyamhanga, ilivyokuwa enzi zile maduka yana rafu tupu na muuza duka kazi yake kusinzia.

Mzee Nyamhanga, mtu wa kijiji cha Buswahili, ujanani aliwahi kufanya kazi chini ya ardhi, mgodini Kiabakari. Alikuwepo mgodi ulipofungwa. Juzi kulikuwa na duka, taa za umeme na king'ora cha kuwaamsha watu. Leo watu wanang'oa mabati. Tangu hapo hakuamini kitu chochote chenye kufuli ambayo ufunguo wake anao mtu mwingine. Vita vya Kagera vilipokwisha na sabuni ikaanza kuadimika, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kijijini kutikisa kichwa. Alisema hali ile anaijua, hivyo ndivyo huwa inaanza.

Basi akaitayarisha nyumba yake kama mtu anayejua kwamba magari hayatapita tena. Alipanda mbarika kuzunguka boma ili mkewe, Pelagia, akamue mafuta ya kuwashia kibatari. Ulezi hakuuuza, aliujaza kihengeni, maana ulezi hukaa miaka bila kuharibika. Aliburuta magogo makubwa yawekwe jikoni, moto usizimike, mtu asihitaji kiberiti. Majirani walimwita Nuhu, wakamuuliza safina inashushwa majini lini. Mzee alicheka nao, kisha akawaomba wamsaidie kusukuma gogo.

Jambo moja tu hakumwambia mtu. Mwaka ule pamba ilipokubali, aliuza na ng'ombe juu yake, akawa anakwenda Bunda na kurudi na vitu kidogo kidogo: chumvi, miche ya sabuni, viberiti, debe la mafuta ya taa. Pa kuvificha alipaona mara moja. Mwanawe Burito alikuwa fundi wa karakana moja ya matrekta huko Musoma, hajaoa, na nyumba aliyojengewa nyumbani ilikaa tupu. Mzee akaingia humo na sururu. Akachimba shimo sakafuni kama walivyochimba mgodini, lenye nguzo pembeni na mbao juu. Chumvi aliitia kwenye vibuyu na kuviziba kwa nta. Kisha akafunika, akasiriba kwa udongo na samadi hadi sakafu ikawa moja. Pelagia hakuambiwa. Mzee alimpenda mkewe, lakini mdomo wa Pelagia, kama alivyokuwa akisema mwenyewe, haukuwa na mlango.

Hesabu zake zote zilikuwa sawa isipokuwa hii: kijana huoa. Na kwa watu wa kule baba hakanyagi nyumba ya mkamwana wake. Akishaingia mke wa mwanao, hata kizingiti huvuki, hata nyumba iungue.

Karakana ilikosa vipuri, ikafunga milango. Harusi iliyosubiri mwaka wa pili ikaharakishwa, padri akawafungisha ndoa siku ya kazi, na Burito akashuka Buswahili na mke, sanduku moja na sufuria. Huyo mke ndiye Euphrasia, mtoto wa Musoma mjini, aliyezoea kununua samaki mwaloni, ufukweni mwa ziwa, na kuchagua. Pelagia alipiga vigelegele hadi mbuzi wakatawanyika. Kitanda kikaingizwa, kikawekwa ukutani palepale kwenye shimo. Mzee Nyamhanga alisimama uani akitazama kitanda kinavyopita mlangoni, na uso wake ukashuka. Euphrasia aliuona uso ule. Alidhani umemshukia yeye.

Haukupita muda redio ikaanza kutangaza habari za wahujumu uchumi. Mgambo walipita nyumba hadi nyumba, na mwenye duka mmoja alipakiwa kwenye Landrova pamoja na katoni zake, watu wakiangalia. Siku hizo ukikutwa na sabuni nyingi kuliko nguo zako, wewe ni mlanguzi. Burito alikuwa ameshaondoka kutafuta kibarua cha pamba Bunda, akirudi kwa nadra, tena akirudi hupitia kwanza kilabuni. Mzee aliona siri ile haifai kupita kwenye pombe. Akaimeza.

Huku nyuma Euphrasia akafundishwa maisha na Pelagia, na hapo ndipo anapopakumbuka hadi leo. Walikata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba viwe michembe. Walivundika mihogo. Walichuja maji kwenye majivu wapate cha kutia mchuzini badala ya chumvi, na yale maji yalikuwa machungu hivi kwamba kila mmoja alimtazama mwenzake anavyokunja uso, wakacheka mpaka machozi. Khanga nzuri ilikuwepo moja kwa wote wawili. Jumapili hii Pelagia anakwenda nayo kanisani, Jumapili ijayo Euphrasia, na anayebaki huuliza padri kasema nini. Pelagia alikuwa akisimulia mahubiri kwa kuyaongeza, hata Euphrasia akawa anapenda zaidi zamu ya kubaki.

Ila mzee. Kila mvua ilipotishia, mzee aliizunguka nyumba ya Euphrasia, akigusa kuta, akitazama paa, akiguna. Akamtuma Pelagia kumwomba mkamwana ahamie jikoni kwa muda, bila kusema kwa nini. Euphrasia alijibu kwa adabu kwamba amezoea pale. Baadaye akaona miti imekatwa, na mzee anachimbia nguzo za kibanda kando ya zizi. Pelagia alipouliza ni cha nani, mzee akasema cha mkamwana. Euphrasia aliingia ndani, akakaa kitandani na kujiuliza amekosea wapi. Mtu anayekutaka hakujengei karibu na ng'ombe. Alikuwa ameipenda nyumba ile kuliko alivyotegemea, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu mtu hufukuzwa vibaya zaidi anapokuwa ameshazoea.

Siku ya gulio, lori la Musoma lilipokuwa linapakia barabarani, akafunga sanduku. Akamwambia Pelagia kwamba anarudi kwa mama yake mpaka Burito atakapopata pa kumweka. Pelagia alilia, akasema nani sasa atacheka naye, kisha akakimbilia zizini kwa mumewe.

Hapo mzee Nyamhanga alikuwa amepewa alichokitafuta muda wote ule. Nyumba inabaki tupu. Angengoja tu saa moja, lori lipige honi, achukue sururu yake. Lakini Euphrasia, akichungulia mlangoni, alimwona anakuja taratibu na kigoda mkononi. Alikiweka nje chini ya upenu, akaupa mlango mgongo, akakaa akitazama ng'ombe wake. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwani.

"Mkamwana, upo?"

"Nipo, baba."

"Mama yako kaniambia unaondoka."

"Ndiyo, baba. Nimeona nyumba mnaihitaji."

"Naihitaji kweli. Nilikuwaga naomba Mungu kila siku uhamie hapo kando. Ila kuondoka sikuomba." Akakohoa. "Vuta kitanda. Pale unapolazaga kichwa, chimba. Polepole, kuna mbao."

Akamweleza yote bila kugeuka: pamba, safari za Bunda, vibuyu, na aibu ya mtu mzima kujifungia nje ya ghala lake mwenyewe. Akamwambia pia kwamba mgambo wapo hapohapo lori linapopakia, kwa hiyo akitaka kwenda, aende na siri hiyo, na hata akiwaambia hatamlaumu. Euphrasia alisikiliza akiwa ameshika ufito wa mlango. Hakuna mtu aliyewahi kuweka shingo yake mkononi mwake namna ile, na huyu alikuwa ndiye mtu aliyedhani anamchukia. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma.

Akachukua jembe. Udongo ulikuwa laini, mbao zikaonekana. Mzee akawa anauliza kutoka nje kama msimamizi wa mgodi: nguzo zimesimama? Zimesimama. Maji yameingia? Kona moja tu, viberiti vimelowa. Debe? Limevuja kidogo. Euphrasia alizibua kibuyu cha kwanza, akachovya kidole, akalamba. Chumvi. Alifumba macho. Alikuwa amesahau kwamba ulimi unaweza kufurahi peke yake.

Akatoa kibuyu cha pili, cha tatu, na miche ya sabuni iliyofungwa kwa magome ya mgomba. Chini kabisa, kwenye nailoni iliyokunjwa mara nyingi, akakuta doti ya khanga, mpya, mikunjo ya dukani haijafunguliwa.

"Baba, hii khanga nimpelekee mama?"

"Ya mama yako imo kwenye chungu, upande wa kulia. Hiyo ya chini ni ya mke wa Burito."

Euphrasia akaishika akiwa amepiga magoti shimoni. Akapiga hesabu za pamba, na za harusi yake, zikakataa kukutana.

"Lakini baba, ulipochimba hapa, Burito alikuwa hata hajaniona."

"Hata mimi nilikuwa sikujui," mzee akasema. "Nilijua tu utakuja, na maduka yatakuwa hayana kitu."

Kisha akainuka, akabeba kigoda chake, akaenda zake zizini bila kugeuza shingo, kama mila inavyotaka. Euphrasia aliketi kwenye udongo, khanga mapajani, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Kule barabarani lori la Musoma lilipiga honi, likapiga tena, halafu likaondoka.