Safu ya Waliorudi

Kazini hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Vijiti, maana miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kukaa kando ya barabara na kuchora vijiti kwenye fomu: mtu akivuka, kijiti kimoja, wa tano anawakata wenzake mshazari. Na usimcheke. Taa za kuvukia haziwekwi kwa huruma, zinawekwa kwa vijiti. Wakivuka watu mia na hamsini kwa saa, mnapata taa. Wakipungua, mnabaki na barabara yenu na Mungu wenu. Na sheria ya kwanza ya mhesabu ni hii: usimvushe mtu, utaharibu hesabu.

Wiki hiyo alipangiwa barabara kuu inayopita mbele ya nyumba ya mama yake. Ng'ambo, mlango ukitazamana na mlango, aliishi mama yake mdogo. Sasa hapa sina budi kutoa aibu ya ukoo: dada hawa wawili hawakuwa wametembeleana tangu barabara ipanuliwe, mwaka wa nne huo. Kila mtu alijua wamenuniana. Wengine walisema ni cherehani ya marehemu bibi, wengine walisema ni maneno ya jikoni. Vijiti aliwahi kujaribu kuwasuluhisha kwa simu, na kila mmoja akamjibu, "Sisi hatuna ugomvi." Haya basi. Lakini sasa mama mdogo alikuwa mgonjwa, miguu imevimba, kitanda kimesogezwa dirishani, na mama bado hajaenda kumjulia hali. Jambo hilo lilimkera Vijiti hadi akashindwa kula kwa mama yake.

Siku ya kwanza aliweka kigoda mbele ya kibanda cha fundi saa, akahesabu. Saa moja hadi saa mbili: kumi na tisa. Saa mbili hadi saa tatu: kumi na saba, vijana tupu wenye mbio zao. Akashika kalamu aandike hukumu, "Uhitaji wa taa: hakuna." Hajamaliza neno la pili, akamwona mama yake.

Alitoka na chupa ya supu kifuani. Akasimama ukingoni. Gari likapita, akarudi nyuma hatua moja. Akasogea tena, lori likavuma, akarudi tena. Dirishani ng'ambo mkono mwembamba ukawa unapunga, naye akapunga wake. Dakika kumi na moja nzima! Kisha akageuka, akaingia ndani na supu yake.

Vijiti akamfuata. "Mama, kila siku unafanya hivi?"

"Hivi vipi? Nilitoka kupunga upepo."

"Na chupa ya supu?"

Mama akamimina supu kikombeni, akamsogezea. "Kunywa, isipoe." Halafu, bila kumtazama: "Miguu yangu haina mbio tena, mwanangu. Naogopa."

"Mbona hukusema? Watu wote wanajua mmegombana!"

"Waache wajue hivyo. Ningemwambia nani? Barabara hii uliipima wewe. Ulikuja na koti lako la njano, majirani wakakusifu, kichwa kikanivimba. Leo niseme barabara ya mwanangu imenitenga na mdogo wangu?"

Vijiti akaweka kikombe chini. Fomu ile ya mwaka wa upanuzi aliikumbuka. Waliogongwa: hakuna. Waliovuka: wachache. Akaipitisha kwa roho safi. Kumbe hawakugongwa kwa sababu hawakuthubutu. Asiyekuwepo na lake halipo, na fomu ilikuwa na safu moja tu ya watu: waliovuka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Twende nikuvushe sasa hivi," akasema.

"Leo utanivusha wewe. Kesho je?"

Kesho yake alichukua rula, akapiga mstari mpya pembeni mwa fomu, juu akaandika: Waliorudi. Kijiti cha kwanza kilikuwa cha mama. Akafuata mjamzito, wanafunzi watatu walioshikana mikono, mzee wa mkongojo, na mtu wa kiti cha magurudumu aliyetazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Kwa saa moja, mia na sitini na wanne.

Mkuu wake, Mhandisi, aliitazama fomu akacheka. "Vijiti, umezeeka? Unanihesabia watu ambao hawakufanya kitu? Kesho utaniletea hesabu ya wasiopiga chafya!"

"Njoo uone, mkuu."

"Fomu zinafungwa Ijumaa. Baada ya hapo, mpaka miaka mitano."

"Basi njoo Ijumaa."

Akaja, viatu vinang'aa, faili kwapani. Mama naye akatoka na chupa yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wake? Nivushe basi." Akamshika mkono.

Mhandisi akatabasamu, akatia mguu barabarani. Honi! Akarudi. Akajaribu tena, akarudi. Mara ya tatu jasho lilimtoka. Peke yake angechomoka mbio. Na bibi wa watu mkononi, angekimbilia wapi? Ng'ambo mkono ulikuwa unapunga, na Mhandisi, bila kujijua, akapunga pia.

"Lete fomu," akasema kwa sauti ndogo. Kwenye safu ya Waliorudi akachora vijiti viwili. "Hiki cha mama. Hiki changu." Akatia sahihi, akaandika: taa ziwekwe.

Mama akachungulia ile karatasi. "Na yule wa dirishani? Yeye hata ukingoni hafiki. Mnamwandika wapi?"

Vijiti aliitazama sahihi ya mkuu wake. Hesabu ilikuwa imefungwa. Akaweka fomu juu ya kigoda, akafunga vifungo vya koti la njano, akatembea hadi katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili. Lori la kwanza likafunga breki, dereva akatukana. La pili likasimama. Mama akavuka, polepole, amekumbatia chupa yake.

Kijiti chake siku hiyo hakuna aliyekichora. Mchoraji alikuwa katikati ya barabara, mikono juu, analia.