Kitanda Kilichopanga Foleni

Kila asubuhi Kibwana alifika kwenye njia panda na kiti chake na chupa ya chai, akalaza mwanzi juu ya mapipa mawili ya lami, na barabara kuu ya kwenda Kibiti ikawa imefungwa. Kila gari lililofika lilisimama. Alimuuliza dereva anatoka wapi, anakwenda wapi na safari yake ni ya nini, akachora mstari kwenye karatasi, akainua mwanzi. Kazi hiyo aliipata baada ya ushirika wa korosho kupunguza makarani, miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na kila mwenye lori akawa mfanyabiashara. Aliifanya akiwa amevaa shati lililopigwa pasi.

Mkubwa wake alikuwa Injinia Abdulatifu, kijana mpole kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amemweleza Kibwana jambo lenyewe tangu mwanzo. Njia mbili zilikutana hapo na barabara kuu: moja ilitoka yadi ya magogo ya tajiri mmoja, nyingine ilikuwa ya miguu, ikitoka Mtunda. Fedha za kujenga zilitosha njia moja tu, ile ambayo hesabu ya Kibwana ingeonyesha ina safari nyingi.

"Barabara haifuati huruma, mzee wangu. Inafuata magari."

"Mtunda hakuna magari kwa sababu hakuna barabara," alisema Kibwana.

Abdulatifu alikubali kwamba ni kweli, akamwomba chai.

Kibwana alikuwa mtu wa Mtunda, na binti zake wawili, Hajira na Mwamvua, walikuwa wajawazito. Kule mgonjwa alibebwa kwenye kitanda cha kamba mabegani mwa wanaume wanne. Kijiji kimoja kilimkabidhi kwa kijiji cha mbele bila miguu ya kitanda kugusa ardhi, kwa kuwa waliamini kitanda kikituliwa njiani, aliyelala juu yake hafiki. Kibwana alikuwa amewaambia wote, msikitini na kilabuni kwa wacheza bao, kwamba safari isiyohesabiwa haijengewi barabara.

Kwa hiyo Hajira aliposhikwa na uchungu, wabebaji wake walifika njia panda, wakakuta malori ya magogo yamesimama mbele ya mwanzi, na hawakupita pembeni. Mbuzi walikuwa wanapita pembeni. Wao walisimama nyuma ya lori la mwisho.

"Kaa kwenye mstari, Mtoro," alisema Swalehe, aliyeshika mguu wa nyuma. "Leo na sie gari."

"Gari bovu," alisema Hajira kutoka juu. "Mnanitikisa toka Mtunda."

"Shemeji, ungekula kidogo tusingetikisika."

Hajira alicheka, kisha akaishika mbao ya kitanda kwa mikono miwili. Zamu yao ilipofika, baba yake alisimama na kalamu.

"Unatoka wapi?"

"Baba, si unapajua."

"Sema, mwanangu, iandikwe."

"Mtunda. Nakwenda hospitali Kibiti. Kujifungua."

Karatasi ilikuwa na nafasi ya baiskeli, pikipiki, gari dogo, basi na lori. Kibwana aliingia kwenye hema la Injinia kuuliza. Abdulatifu alikifungua kitabu chake cha kanuni kwa moyo wote. Aliuliza kama chombo kina magurudumu, akaambiwa hakina. Aliuliza kinaendeshwa na nini. Walikuwa bado wanashauriana kama Hajira ni abiria au ni mzigo, Swalehe alipokuja mlangoni pa hema akasema wamekitua.

Walimzika Mtunda, na mtoto wake tumboni.

Kibwana aliporudi kazini baada ya matanga, kitanda kilikuja jioni, karibu na Magharibi. Kilikuja kwa urefu wa mabega ya wanaume wanne, na wanaume hawakuwapo. Kilisimama nyuma ya lori la mwisho. Hajira alikuwa amelala juu yake, amejifunika kanga, na uso wake ulikuwa na udongo mkavu. Utingo wa lori aliteremka akaondoa dumu lake la maji ili kitanda kipate nafasi.

"Mwambie atangulie," dereva alimwambia Kibwana. "Magogo hayana uchungu."

Hajira alikataa. Alingoja zamu yake, akajibu maswali matatu kama alivyoyajibu mwanzo, na baba yake akainua mwanzi. Kitanda kilikwenda hadi penye mikorosho, hakikuonekana tena. Kesho yake kilirudi.

Abdulatifu alikuja kukitazama. Alisema safari ni safari ikiwa ina mwanzo, mwisho na sababu, na hii ilikuwa inafika kwa wakati kuliko basi. Aliongeza nafasi kwenye karatasi, akaiita "vinginevyo". Kibwana alichora mstari wa kwanza wa Mtunda. Akamwazia Mwamvua, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana chini ya kanga, akauchora kwa kukaza mkono.

Wengine waliofia njiani waliposikia kwamba wanaandikwa, nao walikuja. Alikuja Mzee Sadala aliyeumwa na nyoka. Alikuja Mwanaheri, aliyetolewa Mbwera kwa mtumbwi na kutuliwa juani. Walikuja watoto, wawili wawili kwenye kitanda kimoja. Foleni ilifika hadi kwenye kona, vitanda vikielea kimya nyuma ya malori, na hapakusikika kitu ila kamba kukwaruza mbao. Mwisho wa mwezi vitanda vilikuwa vimeyazidi malori.

Abdulatifu alizipeleka karatasi Dar es Salaam. Alirudi na machungwa kwa ajili ya Kibwana.

"Nimewatetea, mzee wangu. Wamesema faida ya barabara hupimwa kwa muda inaowaokolea watu. Hawa muda wao umekwisha."

"Na walio hai?"

"Walio hai hawakupita hapa."

Greda lilichonga njia ya yadi ya magogo. Mwanzi uliondolewa, hema likakunjwa, na Kibwana akarudi Mtunda na kiti chake.

Mwamvua alishikwa na uchungu adhuhuri. Mtoro na Swalehe walipotoka kwenda kutafuta wenzao wawili, walikuta kitanda kimeshafika uani, kwa urefu wa mabega. Hajira alijisogeza ukingoni akampisha mdogo wake.

"Panda. Hiki hakichoki."

Wakampandisha. Kibwana alifuata nyuma na beseni la nguo za mtoto. Walipofika njia panda, malori yalikuwa yanatoka kwenye barabara mpya, moja nyuma ya jingine, yakipita vizuri bila kupunguza mwendo. Kitanda kilisimama kuyangoja. Mwamvua aliuma upindo wa kanga, kisha akamuuliza dada yake kama hospitali bado ni mbali.

Hajira alisema hajui. Yeye hajapata kufika.