Maana ya Smirna

Kornelio ndiye aliyelipatia kanisa la Rutamba jina la Smirna, na asikudanganye mtu, alijivuna nalo. Katika yale makanisa saba ya Ufunuo, Smirna halikukaripiwa, basi akaona linamfaa mzee wa kanisa kama yeye, mtu asiyekaripiwa. Maana ya jina hakuiuliza. Ya nini, na jina lenyewe tamu?

Jumapili moja mchungaji mgeni akaieleza. Smirna, alisema, ulikuwa mji wa Wayunani, na kwa lugha yao neno hilohilo ndilo manemane, ule utomvu mchungu unaonukia uliokuwa ukipakwa wafu. Akafungua Injili ya Yohana, akasoma jinsi Nikodemo alivyoleta manemane kumzikia Bwana Yesu.

Watu wakaitikia amina. Kornelio akainamisha kichwa.

Mwaka juzi, Theresia mkewe alipofariki, jirani yao Mastura alikuja msibani na pakiti ya manemane aliyoinunua Lindi mjini, dukani kwa Mehdi. Aliomba aitie kwenye maji ya kumwoshea marehemu. Kornelio akamtolea uvivu mbele ya waombolezaji: "Hapa tunazika Mkristo, Mastura. Mambo yenu ya Kiislamu yaacheni kwenu." Amwambie hivyo nani? Mwanamke aliyemuuguza Theresia mpaka mwisho, akimlisha uji kwa mkono wake. Mastura aliificha pakiti ndani ya kanga, akaondoka kimya. Baadaye akahamia Mchinga kwa mwanawe, na Kornelio hata kumuaga hakwenda.

Sasa aibu ilimkaba. Habari za Nikodemo alizisoma mwenyewe kila Pasaka, kwa sauti ya kujisikia, miwani puani, na hazikumwingia hata chembe. Kesho yake akapanda gari kwenda Mchinga, akiomba tu asamehewe.

Alimkuta Mastura uani akikuna nazi.

"Karibu, shemeji," alisema, akamwonyesha kiti. "Habari za Rutamba?"

Kornelio hakuzunguka. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikufukuza kwa jambo lililomo kwenye Kitabu changu mwenyewe. Ninajuta, shemeji."

Mastura aliacha kukuna. "Mimi nilishakusamehe zamani, wallahi. Ila ile manemane haikuwa yangu."

"Ya nani?"

"Theresia aliniagiza. Alisema, nikifa, nioshwe kwa manemane, kama Bwana wangu. Si alikuwa akikusikia ukisoma?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

Kornelio aliinuka kitini. Msamaha alioufuata Mchinga alikuwa ameshaupata, na haukumsaidia kitu. Mwenye haki ya kumsamehe alikuwa kaburini Rutamba, kaoshwa kwa maji matupu.