Shuka na Shusha

Ngazi za ile winchi ndefu ya kujengea ghorofa zilikuwa mia mbili themanini na sita. Dereva wake alizijua kwa magoti. Alizipanda asubuhi na kuzishuka saa kumi jioni, na katikati hapo hashuki ng'o. Choo kilikuwa chini kabisa, nyuma ya stoo ya saruji. Kwenda na kurudi ni nusu saa, na winchi ikisimama nusu saa, watu sitini wanakodoa macho juu huku msimamizi akiuliza kwa kipaza sauti kama bwana mkubwa kaharisha. Aliulizwa hivyo siku moja tu, ikamtosha. Tangu hapo akaacha maji. Asubuhi chai ya rangi, sukari vijiko vinne, saa nne kopo la kinywaji cha nguvu, basi. Wenzake wakamwita Ngamia, naye akalipenda jina.

Mkewe hakulipenda. Alikuwa ameona choo cha nyumbani kabla hakijamwagiwa maji.

"Baba watoto, rangi hii si ya mkojo wa mtu mzima mwenye afya. Hii ni chai imelala."

"Ni joto la huko juu."

"Basi joto litakuua, mimi nibaki nasimulia."

Akachukua chupa kubwa inayoonyesha ndani, akaichora mistari mitano kwa rangi nyekundu ya kucha: saa tatu, saa tano, saa saba, saa nane, saa tisa. Kidogo kidogo, alisema, usisubiri kiu ikuite. "Na ukinirudishia imejaa, nitakufuata huko juu na mwiko."

Ngamia hakumrudishia imejaa. Kila mstari ukifika saa yake, alifungua kidirisha cha kibanda chake huko juu akamwaga. Upepo ulitawanya maji yote, isipokuwa matone machache yaliyompata mtu wa ishara aliyesimama chini na redio ya kumwelekeza. Naye, kwa bahati mbaya, alikuwa mdogo wa mkewe.

"Shemeji," redio ikakoroma, "mvua yako inafuata saa kama kengele ya shule."

"Shukuru, unaogeshwa bure."

"Nitamwambia dada."

"Mwambie, nikudondoshee mzigo kichwani."

Wakacheka. Huo ulikuwa utani wa wakati ndoano ikiwa tupu. Ndoano ikishabeba kitu, sheria ya redio ilikuwa maneno manne tu: pandisha, shusha, zungusha, simama. Neno la tano ni kosa la kufukuzwa kazi.

Siku moja jua lilipiga kibanda cha vioo tangu asubuhi. Ilipofika saa tano kichwa kilikuwa kinamgonga, akaongeza kopo la pili, na moyo ukaanza kwenda mbio bila yeye kwenda popote. Mistari ya saa tatu na saa tano aliimwaga kama kawaida. Saa saba alinyanyua furushi la nondo, tani mbili na ushee. Alipokuwa akilizungusha, msuli wa mguu ukamkaza kama kamba iliyovutwa. Akatazama chini akaona ndoano mbili.

Akafumba macho. Akafumbua. Mbili bado. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa. Akasimamisha mzigo pale ulipofika, bila kuambiwa, wala hakujua upo juu ya nini.

Ulikuwa juu ya wafunga nondo wawili waliochuchumaa na koleo zao, na mtu wa ishara aliyewakimbilia kuwaondoa. Shemeji huyo aliona mzigo ukiyumba, akajua aliyeko juu hayuko sawa. Hofu ikamsahaulisha sheria.

"Shem, zungusha kwanza, ukishaweka hapo, shuka."

Redio ilikwaruza, ikameza nusu ya maneno. Kilichofika kibandani kilikuwa: hapo, shu... a.

Shusha.

Mkono ukavuta gia. Tani mbili zikaanza kuteremka taratibu, kwa utii.

"Simama. Simama. Simama."

Alisimama. Ngamia aliona vitu vidogo vitatu vimelala chini ya chuma, na kwa macho yake vilikuwa sita. Hakuna kilichotikisika. Alitaka kuita jina la shemeji yake, sauti ikagoma kutoka kwenye koo kavu. Utani wake ukamrudia neno kwa neno: nikudondoshee mzigo kichwani.

Redio ikapumua. "Tupo. Umeniachia nafasi ya kofia tu. Usiguse kitu."

Wale watu wakatambaa wakatoka. Ndipo sauti ya shemeji ikarudi redioni, safari hii ya chini sana. "Shem, ile chupa ya dada ina kitu?"

"Mistari mitatu."

"Kunywa. Fundo moja, subiri. Fundo moja, subiri. Usigugumie."

Alikunywa huku meno yakigonga mdomo wa chupa. Ilipita karibu saa nzima kabla ndoano haijawa moja tena, akauweka mzigo mahali patupu kwa maneno manne yale yale. Akashuka kwa makalio, ngazi moja moja.

Hakuficha. Alimwambia msimamizi habari ya kidirisha, na mkewe akaambiwa yote. Mwiko haukutajwa, mke alikaa tu akaishika ile chupa mapajani. Muuguzi wa kazini akamsimamisha Ngamia kazi siku nne, akamkataza makopo, akamwagiza apande na maji, machungwa, na chupa ya pili ya kukojolea, aibu baadaye.

Sasa anakunywa kila mstari kwa saa yake, na chini hakudondoki tone. Katika redio neno la kuteremsha mzigo limebadilishwa, wanasema "teremsha". Lakini shemeji ana mazoea, mara nyingine huteleza akaanza na "shu..." Hapo mkono wa Ngamia hurudi nyuma kama umeguswa na moto, naye huinama kwenye kioo, ahesabu walioko chini, ahesabu tena, ahakikishe hawajawa mara mbili.