Kamera Isiyomshtua Mzee Kitwana

Bi Mashavu alimjua mumewe, Mzee Kitwana, fundi mashua wa kisiwa cha Jibondo. Akiona kamera, husimama wima kama askari, na kazi ikalala. Mjukuu wao Chiku alitaka kurekodi mikono yake ikiziba nyufa za mashua kwa pamba, na mzee alikwishasema mashua hii ndiyo ya mwisho kwake, macho yamechoka.

Safari hii Chiku aliazima kamera ndogo, haizidi kopo la maziwa. Akaipakata, akakiinua kioo chake cha kutazamia picha, akawa anatazama chini kama anayechambua mchele. Haikutoa mlio wowote. Mzee akaendelea kushindilia pamba, akigonga na kujisemea.

Baadaye Chiku akamwonyesha. Kila uzi wa pamba ulionekana, na upepo haukuumeza mlio wa nyundo.

"Umeniiba, wewe."

"Nimekuiba, babu. Ukitaka, nafuta sasa hivi."

Bi Mashavu, aliyekuwa akiwasikiliza, akazidi kumpenda Chiku kwa kusema vile.

Mzee akaitazama mikono yake kwenye kioo mara ya pili. "Kidude hiki kina adabu," akasema. "Ila hapo pamba nimeilegeza. Hebu keti karibu, nikuoneshe inavyoshindiliwa."