Miksi za Solo

Fundi wa kuchomelea aliyetengeneza nusu ya mageti ya mtaa ule hakuitwa fundi. Aliitwa Solo, na jina lenyewe lilishamganda. Wenzake wakipiga wimbo wa zamani walimsikiliza mwimbaji. Yeye alisubiri gitaa la solo. Likiingia tu, anainua kidole, anafumba macho, na ole wako umsemeshe.

Walikuwa na kundi lao kwenye simu, wapenzi wa nyimbo za zamani, na Jumamosi mchana wale wa karibu walikutana kwenye kibanda cha Kinyozi. Kilichowaleta ni ubishi. Nesi, mama mstaafu mwenye ulimi mkali na moyo laini, alisimama na waimbaji wa kike. Kinyozi alitetea ngoma, akisema bila ngoma wimbo ni maombolezo. Lakini kwenye miksi hapakuwa na ubishi: bingwa alikuwa Solo. Aliunganisha wimbo na wimbo kwenye kompyuta yake chakavu hadi usijue mmoja umetokea wapi na mwingine umeingilia wapi. Kila Ijumaa alitupa miksi mpya kundini, watu wakapikia, wakafulia, wakasafiria.

Kisha miksi zikaanza kubadilika. Nesi ndiye wa kwanza kusema.

"Kaka Solo, ya leo imenichoma masikio kama sindano. Na sindano nazijua, nimewadunga wengi."

Kundi zima likacheka. Dereva wa lori akaongeza kwamba yeye ameizima njiani, meno yalikuwa yanamsisimka. Solo akairudia miksi mwanzo hadi mwisho. Kwake ilikuwa tamu, tena gitaa aliliona bado liko chini kidogo. Akaandika: "Nunueni spika za maana." Ijumaa iliyofuata akalinoa zaidi.

Jumamosi moja Nesi alikuja na wimbo alioutafuta miaka mingi. "Leo nyamazeni," akasema. "Kuna mahali yule dada anaimba na gitaa linamjibu. Anauliza, linajibu. Kama mtu na mumewe."

Kinyozi akazima mashine yake, mteja akiwa kanyolewa upande mmoja. Wimbo ukaanza. Solo akasikia besi ikitembea, akasikia ngoma. Akasubiri. Akawaona wenzake wakitikisa vichwa, Nesi kafumba macho, hata mteja katulia na povu shingoni. Akasubiri tena.

"Kinyozi, hebu angalia waya wako," akasema. "Solo haitoki."

Wakaangua kicheko. "Sikio la kufa hilo, halisikii dawa!" akasema mteja. Walidhani ni mzaha, maana nani angeamini kwamba Solo hajasikia solo? Kinyozi peke yake hakucheka. Alimtazama Solo usoni, kisha akautazama mkono wake, ambao ulikuwa unazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho huku wenzake wakiziba masikio.

"Punguza, ndugu yangu," Kinyozi akasema polepole. "Inatoka."

Solo akasimama, akatoka bila kuaga. Alipofika nyumbani alikuwa ameshajiondoa kundini.

Ijumaa ikapita bila miksi, na nyingine ikafuata. Nesi hakupiga simu. Alikwenda mwenyewe karakana. Alimkuta ameinama juu ya geti, mashine ya kukatia chuma inapiga yowe, cheche zinaruka, na masikioni hana kitu. Alimwita, akamwita tena. Mwishowe alizunguka akasimama mbele yake.

"Kesho unavaa shati safi, tunakwenda kupima," akasema.

"Kupima nini? Mimi mzima."

"Hata wagonjwa wangu wote walikuwa wazima, mpaka walipolala."

Hospitalini walimkalisha kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakamvika vipokea sauti na kumpa kitufe: akisikia mlio, abonyeze. Alisikia milio mizito, akabonyeza. Kisha kimya. Akakaa, kitufe mkononi, akimtazama kijana wa vipimo nyuma ya kioo. Alipochoka akauliza, "Mbona huendelei?"

Kijana akamvua vile vipokea sauti taratibu. "Nimemaliza, mzee. Masikio yote mawili."

Sauti nyembamba zimekwenda, akamweleza, zimeliwa na kelele za chuma, na zikishakwenda hazirudi. Kuna kifaa cha kuvaa. Kitamsaidia kusikia maneno. "Na gitaa?" Solo akauliza. Kijana akatazama karatasi zake, akasema hawezi kumdanganya.

Jioni alimweleza mkewe wakiwa jikoni. Alitegemea pole. Mkewe alikaa kwenye kigoda, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi nilidhani umenichoka," akasema, na Solo alilazimika kuisoma midomo yake ili ayapate yote. "Nasema nawe, unanipa mgongo. Nikajisemea, haya, ndivyo ndoa zinavyozeeka. Lakini mtoto, baba... Anarudi shule, anakusimulia mambo yake, wewe hata kichwa huinui. Siku moja akaniuliza, mama, nimemkosea nini baba?"

Mtoto mwenyewe alikuwa kitinda mimba, ana kasauti kembamba kama uzi. Kumbe mwaka mzima alikuwa akisema, naye baba mtu alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba binti yake amekua, amekuwa mpole.

Kifaa kikaja. Siku ya kwanza alimsikia mkewe akikwangua sufuria, akaruka kama aliyeumwa na siafu, na wote wawili wakacheka mpaka machozi. Maneno aliyapata. Alimwita binti yake, akampakata, akamwambia, "Nisimulie ya shule." Mtoto akamtazama mama yake, akachezea kifungo cha shati la baba. "Nilishamwambia mama," akasema. Hakuwa na kinyongo, alishazoea tu. Solo alijaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Siku nyingine alipata maneno mawili matatu, siku nyingine alipata kichwa kikitikiswa.

Muziki ndio ulikataa kabisa. Kwa kile kifaa, gitaa lilimjia kama kijiko kwenye bati. Akawa anakivua akitaka kusikiliza, akibaki na besi, ngoma na kumbukumbu.

Alirudi kwa Kinyozi Jumamosi moja, kofia imeshuka machoni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Nesi alikuwa ameshawaambia wote, na kuwatisha pia. Wakamsogezea benchi. Ubishi ukaendelea, wakijitahidi kuzungumza mmoja mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea pale. Kinyozi akamwambia achague wimbo. Solo akachagua mmoja mrefu, ambao mwisho wake ngoma na besi zinanyamaza, gitaa linabaki peke yake. Akakivua kile kifaa, akakitia mfukoni.

Ngoma zikaisha, akafumba macho. Kidole kikapanda, kikawa kinalifuata gitaa analolijua kwa moyo, nukta kwa nukta. Wenzake wakalisikiliza lile la kwenye spika. La kwenye spika likafika mwisho, likakoma, na kidole cha Solo kilikuwa bado kinatembea.

Dereva akanyoosha mkono aweke wimbo mwingine. Nesi akaushika. Wakakaa kimya pale kibandani, mashine zimezimwa, wanamsubiri amalize.